Maji ya magotini si madogo kwa gari

Tuseme ni jioni ya mwezi wa Mei, saa kumi na nusu, na mvua imepiga tangu adhuhuri. Wewe, msomaji, umetoka kazini kwenye mojawapo ya maghala ya Mbaraki na wataka kufika kwako Kisauni kabla ya magharibi. Umeshika Moi Avenue, umeingia Digo Road ili ukavuke daraja la Nyali, na ghafla mbele yako barabara imepotea. Mahali palipokuwa na lami pana maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanatembea polepole kuelekea upande mmoja, yamebeba chupa za plastiki na kandambili moja. Vijana watatu wamesimama ndani ya maji hayo wakiwa wamekunja suruali. Mmoja anakupungia mkono: "Ingia tu, mzee! Maji ya magotini hayo!" Nyuma yako matatu inapiga honi.

Nusu dakika hiyo ndiyo tunayoizungumzia juma hili. Ukurasa huu umezoea kuandika juu ya malaria, kisukari na shinikizo la damu, na huenda ukajiuliza uendeshaji wa gari umeingiaje katika mambo ya afya. Umeingia kwa sababu unaua. Nchini Marekani, ambako hesabu za vifo hivi zimewekwa kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya watu wanaokufa maji wakati wa mafuriko hufa baada ya gari kuendeshwa na kuingizwa ndani ya maji. Maji hayakuwafuata walikokuwa, wao ndio walioyafuata. Vifo hivi havihitaji chanjo wala dawa kuvizuia. Vyahitaji mguu juu ya breki.

Na wale vijana je? Sisemi wana nia mbaya. Lakini gari likizima katikati ya maji wao ndio watakaolisukuma, na kazi ya kusukuma ina malipo yake. Halafu kuna jambo ambalo wao wenyewe pengine hawalijui: maji yanayomfika mtu magotini hupita katikati ya miguu yake miwili na kwenda zao. Gari halina miguu. Gari ni sanduku.

KISIWA NA MAJI YAKE

Mvua ya masika, au mwaka kama tunavyoiita huku pwani, hufika kilele chake Mei. Mafuriko ya Mei 2017 bado yanakumbukwa mjini. Vuli nayo si ya kudharauliwa. Mvua za El Nino zilizoanza Oktoba 1997 ziliikata barabara kuu ya kwenda Nairobi, na El Nino iliporudi mwaka 2023, mitaa mingi ya Mombasa ilijaa maji mwezi wa Novemba.

Kisiwa chetu kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, jiwe lenye vitundu vinavyonywa maji. Zamani mvua nyingi ilipotelea humo. Siku hizi sehemu kubwa ya kisiwa ni lami, saruji na mabati, kwa hiyo maji hukimbilia mitaroni, na mitaro ya kisiwa mwisho wake ni mmoja tu, baharini. Mtaro ukizibwa na taka, maji hurudi barabarani. Hilo kila mtu analijua na kila mtu analilalamikia. Lisilosemwa sana ni habari ya bahari yenyewe.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu baadaye, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Mtaro ambao mdomo wake uko chini ya kimo hicho huzibwa na bahari. Maji ya mvua hufika mwisho, hukuta mlango umefungwa, nayo hujikusanya mitaani hadi bahari itakaporudi nyuma. Mvua ile ile, kwa kiasi kile kile, inayokauka kwa saa moja siku ya maji mafu, yaweza kukaa barabarani muda mrefu zaidi siku ya bamvua.

Sasa tazama saa. Mvuvi yeyote wa Mji wa Kale atakwambia kwamba katika pwani yetu bamvua hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na tena jioni. Saa kumi na saa kumi na moja za jioni ndizo saa wafanyakazi wa bandari, maghala na maofisi wanapotoka wote kwa pamoja. Yaani siku ambazo mitaro ina shida kubwa kabisa ya kumwaga maji, shida hiyo huja wakati barabara zimejaa magari. Kila siku inayofuata, maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50, hivi kwamba siku za maji mafu bahari huwa imekupwa saa hizo za jioni.

Kwa hiyo dereva wa Mombasa ana silaha ambayo dereva wa Nairobi hana. Anaweza kujua siku za hatari kabla ya mvua. Ukifuata mwezi wa Kiislamu, angalia tarehe mosi hadi nne na tarehe 14 hadi 18. Usipoufuata, majedwali ya maji kujaa na kupwa hutolewa na Halmashauri ya Bandari. Na iwapo umekwama upande huu wa maji siku ya bamvua, fahamu kwamba bahari iliyojaa saa kumi na nusu huwa imeshuka sana ifikapo saa mbili usiku. Egesha gari mahali palipoinuka, uswali magharibi, unywe kahawa. Kuchelewa saa tatu nyumbani kuna maelezo yake. Mpigie simu mama watoto.

HESABU YA GARI LINALOELEA

Madereva wengi hudhani hatari ya maji ni injini kuzima. Hiyo ni hatari ya mfuko. Hatari ya roho ni kwamba gari huelea, tena mapema kuliko mtu anavyofikiri. Hesabu yake anaiweza mtoto wa shule ya msingi.

Chukua gari dogo la kawaida: uzito wake kilo 1,000, urefu mita 4, upana mita 1.6. Zidisha urefu kwa upana, utapata mita za mraba 6.4. Maji yakipanda sentimita moja juu ya sakafu ya gari hilo, gari huwa limesukuma kando lita 64 za maji, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kila kitu kinachosukuma maji kando huinuliwa na maji kwa uzito ule ule. Kwa hiyo kila sentimita moja inayopanda huinua kilo 64 kutoka kwenye magurudumu. Sentimita 16 huinua kilo 1,024. Gari lote.

Sakafu ya gari kama hilo iko kama sentimita 15 kutoka ardhini. Jumlisha 15 na 16: sentimita 31. Hiyo ni shubiri moja na nusu hivi, katikati ya muundi wa mtu mzima, mbali bado na goti. Kweli, maji hupenya polepole kwenye milango na gari huwa zito tena, lakini mkondo hauhitaji muda mrefu. Na tena gari halisubiri liinuke lote ndipo lipotee. Likishapoteza nusu ya uzito wake, tairi hazina nguvu za kushika lami, na usukani unaouzungusha hauamuru kitu. Ndiyo maana wataalamu wa usalama wa barabarani huonya kwamba sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zaweza kumnyang'anya dereva gari lake, sentimita 30 huelesha magari madogo mengi, na sentimita 60 hubeba karibu kila gari, pikapu na magari makubwa ya kifahari yakiwemo.

Wenye hayo magari makubwa ndio wagumu zaidi wa kusikia. Gari likiwa juu zaidi, linanunua sentimita chache tu. Baada ya hapo ubavu wake mpana hufanya kazi ya tanga, na mkondo ndio upepo. Tuktuk ziko upande wa pili: hazielei kwa urahisi kama gari lililofungwa kwa kuwa ubavuni ziko wazi, lakini ni nyepesi, gurudumu la mbele ni moja, na injini iko nyuma karibu na ardhi. Abiria wa tuktuk akiona maji yamefika kwenye sakafu ana haki ya kusema, "Dereva, rudi," hata kama nauli ameshalipa. Mwenye bodaboda naye asidanganyike kwa kuwa pikipiki yake hupenya popote. Magurudumu mawili kwenye maji yanayokwenda ni kuomba kuangushwa.

Kuna jambo moja zaidi katika hesabu hii. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Maji yanayokwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka tayari yana nguvu ya kuangusha mtu mzima. Kwa hivyo kina peke yake hakitoshi kukupa jibu. Tazama zile chupa za plastiki: zikisimama au kuzungukazunguka, maji yametuama, zikipita kama zina safari, hayo si maji ya kuingiwa, hata yawe machache.

MTO ENZIU NA BARABARA YA GARISSA

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa limebeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini lilifika kwenye Mto Enziu, karibu na Mwingi, Kaunti ya Kitui. Maji yalikuwa yakipita juu ya kivuko. Watu wengi walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama, na baadhi walikuwa na simu zao mkononi, ndiyo maana nchi nzima iliona yaliyofuata. Basi liliingia, likaenda kidogo, likainama upande mmoja, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao.

Aliyeitazama picha ile atakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda polepole. Basi halikupigwa na wimbi. Liliendeshwa taratibu, kwa tahadhari, kama tunavyoshauriana sisi sote kwamba "ukienda polepole utapita". Tahadhari ya namna ya kuvuka haikuweza kufidia uamuzi wa kuvuka.

Tarehe 9 Aprili 2024, kwenye barabara ya Garissa, basi lenye abiria 51 lilisombwa na maji ya mafuriko. Safari hii abiria walipata bahati. Waokoaji wa Msalaba Mwekundu waliwafikia kwa mashua na wote 51 wakatoka hai. Tuliowasikia wakisifu ushujaa wa waokoaji hatukukosea, ila ni vyema tukumbuke kwamba mashua haiwi karibu kila mahali.

Abiria wa basi ana neno katika jambo hili. Desturi yetu ni kumwachia dereva, na mwenye kupiga kelele huonekana mwoga au mwenye kisirani. Lakini dereva ana bosi anayemngoja na muda anaoukimbiza, na wewe huna. Abiria wawili watatu wakisema kwa pamoja, "Kaka, simamisha tushuke," ni vigumu kwa dereva kuendelea.

KUPIMA BILA KULOWA

Usishuke kupima kwa miguu. Chini ya maji hayo huenda kuna shimo la maji taka lililopoteza kifuniko, au mtaro usio na ukingo, na barabara yenyewe huenda imeliwa chini ikabaki ngozi ya lami. Pima kwa macho ukiwa umesimama pakavu. Ukingo wa zege wa barabara mara nyingi una kimo cha kama sentimita 15. Usipouona tena, maji ya pembeni yamefika kiwango cha kwanza cha hatari. Tazama pia magari mengine. Gurudumu la gari dogo lina kimo cha kama sentimita 60, kwa hiyo maji yakifika katikati ya gurudumu, pale kwenye nati, ni sentimita 30. Gari la mbele yako likifika hapo, wewe geuza lako, hata kama hilo la mbele litapita. Kupita kwa mwenzako ni habari ya gari lake, uzito wake na dakika yake. Maji ya dakika tano baadaye ni maji mengine.

Usiku vipimo hivi vyote havifai. Taa za gari juu ya maji huonyesha kioo tu, hazionyeshi kina.

Kama maji yametuama, unauona ukingo, na huna njia nyingine, basi acha gari la mbele limalize kwanza. Ingia kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, ukishika katikati ya barabara ambako kwa kawaida lami imeinuka. Usiachie mafuta katikati na usibadilishe gia. Usipishane na lori: wimbi lake laweza kukuongezea maji uliyokuwa hukuyapigia hesabu. Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa uzikaushe kabla ya kuzihitaji kweli.

Ukiona waya wa stima umeanguka majini, mjadala umekwisha. Rudi nyuma, waonye wengine, na usimruhusu mtu kushuka. Waya ukiwa umelala juu ya gari lenyewe, kaeni ndani bila kugusa chuma hadi umeme ukatwe.

GARI LIKIZIMA NDANI YA MAJI

Mkono wa kwanza hukimbilia ufunguo. Uzuie. Injini iliyozimwa na maji mara nyingi imevuta maji kupitia njia ya hewa, na maji, tofauti na hewa, hayabanwi. Ukipiga stata, pistoni hugonga maji kama ukuta na vyuma vya ndani hupinda. Gari ambalo lingekaushwa na kurudi kazini huwa la kununuliwa injini.

Hilo ni la fundi. La daktari ni hili: usikae ndani ya gari lenye injini inayonguruma huku ekzosi iko chini ya maji, vioo vimefungwa na kipoza hewa kinafanya kazi, ukingoja mvua ipungue. Moshi unaozuiwa kutoka hutafuta njia nyingine, na ndani yake mna gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa na kichwa, huhisi usingizi, kisha halali usingizi wa kawaida. Injini ikinguruma huku ekzosi imefunikwa, zima, shusha vioo, na kama maji hayapandi wala hayaendi kasi, tokeni mwende palipoinuka mkiwa mmeshikana mikono.

Yakiwa yanapanda, usingoje. Hapa nataka tuzungumze juu ya jambo la kutisha kidogo.

Tarehe 29 Septemba 2019, hapo Likoni, mwendo mfupi kutoka Mbaraki, gari dogo lenye mama na binti yake liliteleza kutoka kwenye feri MV Harambee likaangukia kwenye mkondo wa Kilindini. Lilionekana likielea kwa muda mfupi, kisha likazama. Ilichukua siku 13 kuwapata. Si mafuriko yaliyolichukua gari lile, lakini kila gari linaloingia majini hufuata mwendo ule ule: huelea kwanza, mara nyingi kwa dakika moja hivi, huku upande wenye injini ukitangulia kuzama. Dakika hiyo ndiyo pekee ambayo mtu aweza kutoka kwa urahisi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, aliyefanya majaribio mengi ya kuzamisha magari yakiwa na watu ndani, anafundisha mpangilio ambao kila familia yenye gari ingefaa kuukariri kama nambari ya simu. Fungua mikanda. Shusha kioo cha dirisha. Toeni watoto, wakubwa kwanza kwa kuwa wanaweza kujisaidia, kisha mdogo akiwa mikononi mwako. Tokeni.

Usipoteze sekunde kumpigia mtu simu. Usijaribu mlango, maana maji ya nje huusukuma kwa uzito usioweza kuushinda, na ukifunguka maji huingia kwa mkupuo na gari huenda chini mara moja. Dirisha ndilo mlango wako. Vioo vya umeme kwa kawaida huendelea kufanya kazi kwa muda mfupi baada ya gari kulowa, lakini maji yakishapanda juu ya kioo, huenda kisishuke tena kwa jinsi kinavyobanwa. Kwa hiyo shusha vioo mapema, kabla hujajua kama kuna haja. Kulowa nguo si kitu. Kioo kikikataa, vunja cha ubavuni, kwenye kona, kwa kitu chenye ncha ngumu. Nyundo ndogo za kazi hiyo zipo na mahali pake ni karibu na kiti cha dereva, si butini. Kioo cha mbele usikihangaikie, kimetengenezwa kisivunjike. Na ukiwa na watoto kiti cha nyuma, angalia leo kama umefunga kile kitufe kinachowazuia kushusha vioo. Siku ya mvua kiache wazi.

Aliyetoka apande juu ya paa kama gari limekwama mahali, ashike, apige kelele. Simu za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199.

ALIYEOPOLEWA MAJINI

Wewe uliye ukingoni usijitose. Waokoaji wasio na mafunzo ni wepesi wa kuongeza idadi ya maiti. Mrushie kamba, leso zilizofungwa pamoja, au mtungi mtupu wa lita 20 wenye kifuniko. Katika mji huu mkokoteni wa mchuuzi wa maji hauko mbali, na mtungi mmoja watosha kushikilia kichwa cha mtu juu ya maji.

Akishatolewa, desturi yetu ya kumwinamisha kichwa chini, au kumlaza juu ya tairi na kumbonyeza tumbo ili "maji yatoke", iachwe. Kinachotoka ni maji ya tumboni, tena huweza kuingia kwenye mapafu, na dakika za kumwokoa hupotea. Aliyezama amekosa hewa. Mpe hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, tazama kifua. Kama hapumui, au anahema kwa kwikwi za mbalimbali, mbane pua umpulizie mdomoni pumzi 5 hadi uone kifua kikiinuka. Kisha weka viganja katikati ya kifua ubonyeze mara 30, kwa kina cha sentimita 5 kwa mtu mzima, upesi wa karibu mapigo mawili kwa sekunde ukiweza, usiwe chini ya 100 kwa dakika. Halafu pumzi 2, mara 30 tena, na kuendelea bila kukoma hadi ahueni au msaada ufike. Akitapika mgeuze ubavu, msafishe, endelea.

Akizinduka, asirudishwe nyumbani kwa boda akalale. Mtu aliyemeza maji kwenye mapafu aweza kuzungumza na kucheka, kisha baada ya saa chache akaanza kukohoa na kukosa pumzi. Apelekwe hospitali aangaliwe hata akidai yu mzima.

MAJI YENYEWE NI MCHAFUKO

Mwisho, hata dereva aliyesukuma gari lake akafika nyumbani salama hajamalizana na maji yale. Maji ya mafuriko ya mjini yamepita juu ya vyoo vya shimo, mitaro na majaa. Oga kwa sabuni, nawa mikono kabla ya kula, na lolote lililoguswa na maji hayo lisiingie kinywani, kwani kipindupindu huanza kwa saa chache hadi siku tano. Kama ulikatwa na chupa au bati, osha kidonda kwa maji safi mengi na uende ukaulizie sindano ya pepopunda. Kwa kidonda kichafu, huhitajika ikiwa ya mwisho ulidungwa zaidi ya miaka mitano iliyopita.

Ugonjwa unaosahauliwa ni leptospirosi, ambao vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya na kuingia mwilini kupitia mikwaruzo na macho. Mara nyingi hujitokeza baada ya wiki moja hadi mbili, wakati gari limeshakauka na mtu ameshasahau: homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, na maumivu makali ya misuli, hasa ya vigimbi vya miguu. Wengi hununua dawa za malaria dukani na kungoja. Ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki ukianzwa mapema, na ukiachwa waweza kuharibu figo na maini. Daktari hawezi kuushuku asipoambiwa. Ukipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya siku ile, mwambie ulisukuma gari kwenye maji ya mafuriko, mahali gani, na tarehe ngapi.